Ukali Sio Sifa: Namna ya Kuonja na Kuamua Pombe ya Nafaka

*Mhadhara uliotolewa kwa Kiswahili mbele ya wakazi, walimu, wafanyabiashara na wapika pombe wa Munuki, Juba*

  

Nawashukuru walioandaa kikao hiki kwa kuniruhusu nizungumze Kiswahili. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini Kiswahili kilikuwa kimeshapiga hodi Munuki kabla ya hapo. Kimekuja na waliosomea Kakuma na Nairobi, kimekuja na madereva wa malori ya Mombasa, kimekuja na wachuuzi wa Suk Libya. Atakayekwama kwenye neno langu amuulize jirani yake kwa Kiarabu cha Juba. Sitakasirika.

Niliombwa nieleze namna ya kuonja na kuamua ubora wa pombe kali ya nafaka. Kabla ya yote, niwaondoe wasiwasi wasiokunywa. Sikuja kumshawishi mtu aanze, na anayekatazwa na imani yake ana heshima yangu yote. Lengo langu ni moja: kuonyesha kwamba ukali sio sifa ya pombe, na kwamba ubora wake unaweza kupimwa kwa vigezo ambavyo mtu yeyote mwenye pua na ulimi anaweza kufundishwa. Nitatumia pombe mbili zilizo mbali sana kwa asili: ya Uingereza iitwayo mvinyo wa shayiri, na merisa yetu ya mtama. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: kileo kingi ni kazi kwa mpishi, sio alama kwa pombe

Tuanze na mgeni. Mvinyo wa shayiri hauna zabibu hata moja. Ni bia ya kimea cha shayiri iliyopikwa nzito mpaka kileo chake kikafika asilimia 8 hadi 12. Kwa kulinganisha, Nile Special ya Jinja mnayoijua ina 5.6. Mpishi wake hutia kimea kingi katika maji machache, akachukua yale maji ya kwanza, mazito na matamu, akayachemsha kwa saa nyingi yakapungua. Ndipo hutia chachu. Chachu nayo ni kiumbe hai; kileo kikipanda sana inachoka, na pengine inalala kabla haijamaliza sukari. Kwa hiyo mpishi huitia kwa wingi, akaitunza mahali penye ubaridi, kisha akaiacha pombe ikomae kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka.

Kampuni ya Bass, katika mji wa Burton upon Trent, iliuza pombe yake ya Namba 1 kwa jina la mvinyo wa shayiri mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kilitoa Thomas Hardy's Ale, kumkumbuka mwandishi Thomas Hardy aliyefariki 1928. Chupa zake ziliandikwa mwaka wa kutengenezwa, na walionunua walihimizwa waziweke kabatini miaka kadhaa kabla ya kuzifungua.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana wa nyuma mnaocheka. Wamarekani wana chama cha waamuzi wa bia kinachojulikana kwa herufi BJCP, kilichoanza mwaka 1985. Fomu yao ina alama 50. Harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi pombe inavyokaa kinywani 5, na hukumu ya jumla 10. Tafuteni humo nafasi ya ukali, haimo. Pombe ya asilimia 10 inayochoma koo mfano wa spiriti hupunguziwa alama, kwa sababu mchomo huo ni dalili kwamba chachu ilifanya kazi kwenye joto kubwa na ikazaa vileo vizito visivyotakiwa. Iliyopikwa kwa ustadi hupasha kifua joto polepole, na mnywaji asiyeambiwa huenda asijue amekunywa kileo mara mbili ya alichozoea.

Hapa kwetu swali la kwanza la mnunuzi ni moja tu: "Inapiga?" Hilo ni swali halali la mfuko, maana anataka thamani ya pauni zake. Lakini halimwambii mama mpishi chochote kuhusu kazi yake.

Hoja ya pili: moto huacha alama, na alama hizo zinasomeka

Niingie sasa nyumbani. Mwanasayansi wa Sudan, Hamid Dirar, alichapisha mwaka 1993 kitabu kikubwa kuhusu vyakula vya kuchachusha vya Sudan, na merisa ameipa nafasi yake. Kina mama hapa hawahitaji kitabu hicho ili wapike, lakini kinawafaa wale wanaodhani merisa ni uji uliosahauliwa juani.

Mtama huloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa; hicho ni kimea. Kando yake unga mwingine huchachushwa mpaka uwe ajini, kinyunga kichachu. Ajini hiyo huwekwa kwenye chuma juu ya moto, mama akaigeuza na kuigeuza, ikabadilika kutoka rangi ya udongo mbichi hadi kahawia, na kutoka kahawia hadi karibu na nyeusi. Hiyo ndiyo surij. Ukiinama juu ya chuma wakati huo unapata harufu ya sukari inayoanza kuungua na ya ganda la mkate. Jasho linamtiririka, moshi unamwingia machoni, na hawezi kuondoka hata kidogo, kwa sababu kati ya surij iliyoiva na iliyoungua kuna dakika chache tu.

Baadaye surij huchanganywa na maji, kimea na merisa ya zamani kidogo ili chachu ianze. Kisha hupikwa unga mwingine nusu nusu, ukapoa, ukaongezwa kwa awamu pamoja na kimea zaidi. Mwisho pombe huchujwa kwa kitambaa. Machicha hupelekewa mbuzi na ng'ombe.

Mnaona wapi pombe hizi mbili zinakutana? Yule wa Burton alipata wekundu wake na harufu ya sukari guru kwa kuchemsha muda mrefu. Mama wa Munuki anaipata kwa kukaanga ajini. Wote wawili wanatumia moto kugeuza nafaka ya kawaida kuwa kitu chenye kina. Kwa hiyo mwonjaji akikuta harufu ya kuungua asikimbilie kulaumu. Ajiulize ni ipi. Surij iliyoiva inakumbusha tende na kahawa. Iliyoungua inakumbusha majivu, na uchungu wake hung'ang'ania nyuma ya ulimi hata baada ya kumeza. Mtu anayeweza kutofautisha hayo mawili ameshaanza uamuzi.

Hoja ya tatu: kila pombe iamuliwe kwa nia yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo wasomi. Uchachu katika mvinyo wa shayiri ni msiba. Chupa hiyo imeingiliwa na bakteria, imwagwe. Uchachu katika merisa ni uhai. Ulianzia kwenye ajini, na merisa isiyo nao ni maji ya unga yaliyopooza. Kigezo ni kilekile, hukumu ni kinyume.

Vivyo hivyo kwa mwonekano. Shayiri ina ganda ambalo hubaki baada ya kusagwa na kuwa chujio la asili, ndiyo maana bia yake hutoka angavu. Mtama hauna ganda hilo baada ya kupurwa. Tena wanga wa mtama unahitaji joto kubwa zaidi ili ulainike kuliko wa shayiri, na joto hilo lingeua nguvu ya kimea. Ndiyo sababu mama hupika unga kwanza, akaupoza, kisha ndipo akatia kimea. Hakuna aliyemwandikia kanuni hiyo kwa lugha ya maabara, na ndiyo kanuni yenyewe. Kwa hiyo anayeinyima merisa alama kwa kuwa ina ukungu anaiadhibu kwa kutokuwa shayiri.

Muda nao ni hivyo hivyo. Pombe ya Dorchester ilitengenezewa kabati la nchi ya baridi. Juba mwezi Februari na Machi joto linakaribia nyuzi 40. Merisa hunywewa siku yake. Kesho imeelekea siki. Mwamuzi wa merisa lazima aulize imechujwa saa ngapi, swali ambalo kwa mvinyo wa shayiri lingekuwa kichekesho.

Msidhani tofauti hizi ni za bara na bara tu. Wamarekani walipoanza kupika mvinyo wa shayiri, Old Foghorn ya San Francisco mwaka 1975 na Bigfoot ya Sierra Nevada mwaka 1983, waliongeza maua ya hopsi mpaka uchungu ukatawala. Ungewekwa mezani pamoja na wa Kiingereza wenye utamu wa kimea, mmoja ungeonekana mchungu kupita kiasi na mwingine mtamu kupita kiasi. Waamuzi wakautenganisha katika makundi mawili, kila kundi na vigezo vyake. Na sisi Afrika Mashariki tunahitaji utengano wa namna hiyo. Mchaga akinywa mbege anautafuta uchungu wa gome la msesewe pamoja na utamu wa ndizi na ulezi. Mtu wa Iringa akishika ulanzi anataka ubichi wa utomvu wa mwanzi. Mkongomani na kasiksi yake anataka ndizi. Ukiwaweka wote watatu mbele ya fomu moja utapata ugomvi, hutapata hukumu.

Hoja ya nne: uonjaji una utaratibu, na utaratibu unafundishika

Mezani hapa nina vikombe viwili vya merisa kutoka kwa wapishi wawili wa mtaa huu. Kimoja kimeandikwa 1, kingine 2, na mimi mwenyewe sijui kipi ni cha nani. Mzee wangu wa mbele, tafadhali, usinywe bado!

Mwonjaji aje bila manukato, bila tumbaku, na asiwe ametoka kula shata, yaani pilipili. Pombe isiwe baridi sana, kwa sababu ubaridi unaficha harufu. Jokofu limeokoa sifa ya bia nyingi mbovu. Kikombe kijae nusu tu ili harufu ipate pa kukaa. Zikiwa pombe nyingi, nyepesi zitangulie, kali zifuate.

Kwanza nusa, mara moja na kwa pumzi fupi, kwa kuwa harufu nyingine hutoweka upesi. Kisha tazama rangi, uzito na povu. Halafu chukua funda dogo, lipitishe ulimi mzima, meza, subiri. Kwenye kile kitambo cha kusubiri ndipo pombe husema ukweli: utamu umeondoka au umenata? Uchachu umesafisha kinywa au umeyauma meno? Kuna ukakasi unaokausha ulimi? Andika. Usimtazame jirani, usitikise kichwa, usigune. Mazungumzo yaanze baada ya kila mtu kuandika, la sivyo mwenye sauti kubwa ataonja kwa niaba ya wote, na hapa Munuki tunao wenye sauti kubwa. Waamuzi wakipishana sana kwa alama, warudi kikombeni kwanza ndipo wabishane.

Sasa haya, onjeni. *(Vikombe vilizungushwa kwa waonjaji sita waliojitolea.)*

Nimesikia neno la kwanza kutoka upande wa kulia: "Nzuri." Ahsante, lakini neno hilo mama hawezi kulipikia kesho. Dada wa pili ameandika hivi kuhusu kikombe namba 2: harufu ya tende, uchachu wa wastani, ukakasi mwishoni, huenda surij ilikaa motoni mno. Hilo ni neno ambalo mpishi anaweza kulipeleka jikoni akalifanyia kazi. Limesema alichokiona, limesema sababu inayodhaniwa, na halikumtukana mtu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imetumiwa sana kuwanyima wapishi sifa. Mimi naisoma hivi: sifa iliyomharibu mgema ni sifa isiyokuwa na kipimo. Aliyesifiwa jumla jumla hakujua ni nini hasa kilichopendwa, kwa hiyo hakuona kibaya kuongeza maji. Mwambie mgema kwamba tembo lake linapendwa kwa uzito wake, na atafikiri mara mbili kabla ya kugusa mtungi wa maji.

Niongeze neno kwa watakaojitolea kuwa waamuzi. Funda dogo linatosha. Mwamuzi aliyelewa ameshajiuzulu, hata kama bado ameketi mezani.

Hoja ya tano: ulimi una mpaka, na mpaka huo uheshimiwe

Nisingekuwa mkweli kama ningewaacha mkidhani ulimi unaweza yote. Novemba 2000, jijini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli. Methanoli ni kileo cha viwandani. Mwonjaji hodari hawezi kuitegemea pua yake kuitambua ikiwa imechanganywa na kileo cha kawaida. Ladha zake zinakaribiana mno. Walioinywa hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta kupigwa kwa shilingi chache.

Hapa hoja yangu ya kwanza inarudi ikiwa na uzito mwingine. Merisa ya mtama, ikipikwa na kuchujwa kwa usafi, ina asilimia chache tu za kileo. Anayetafuta ukali peke yake ataiacha, atakwenda kwenye siko, kwenye araki, kwenye waragi isiyojulikana ilikotoka, na huko hakuna fomu ya kuonjea itakayomlinda. Kinywaji kilichokenekwa, kisicho na alama ya mtengenezaji, hakifai kuletwa mbele ya waonjaji kabisa. Kinafaa kupelekwa maabara. Jirani zetu Waganda waliacha kuruhusu waragi ya vipakiti mwaka 2019; na sisi tuwe macho kwa vile vinavyopenya mpakani na kuishia mikononi mwa watoto.

Tunakoelekea

Nimalize kwa kutazama mbele, lakini anayetazama mbele hana budi kujua alikotoka. Septemba 1983 serikali ya Rais Nimeiri wa Sudan ilitangaza sheria zilizopiga marufuku pombe. Wanawake wengi wa Kusini, waliokimbia vita na kujikuta pembezoni mwa Khartoum, walipika merisa na araki kwa sababu ndiyo kazi iliyopatikana, na wengi wao waliishia gereza la wanawake la Omdurman. Kwa miaka ile aliyehukumiwa alikuwa mpishi. Hakuna aliyejali alichokipika kilikuwa kizuri au kibaya.

Baada ya amani, mwaka 2009, kampuni ya SABMiller ilifungua hapa Juba kiwanda kilichotoa White Bull. Kilitufurahisha, kikatoa ajira, kisha mwaka 2016 kikafungwa kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi kutoka nje. Mama wa merisa hakufunga. Nafaka yake ni mtama, chachu yake imo mtungini, na chujio lake ni kitambaa. Uganda nako, tangu 2002, Nile Breweries imekuwa ikipika Eagle kwa mtama wa aina ya Epuripur unaolimwa na wakulima wa nchini humo. Mtama basi hauna cha kuionea shayiri haya, si jikoni wala kiwandani.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, tuunde hapa Munuki meza ya waonjaji wa merisa, nusu yake wakiwa wapishi wenyewe, maana hakuna anayeijua surij kuwashinda. La pili, waandike fomu yao kwa Kiarabu cha Juba na Kiswahili: harufu, mwonekano, ladha, uzito kinywani, hukumu ya jumla, na kando yake mstari wa usafi wa maji na vyombo, ambao ukishindwa hakuna alama nyingine itakayohesabiwa. La tatu, vyuo vyetu vipeleke wanafunzi wa kemia na lishe jikoni kwa kina mama hawa, wapime kileo, uchachu na joto la kila hatua, wakaandike kwa majina ambayo mama mwenyewe anayatumia.

Na ninyi wanywaji, naomba kwenu jambo dogo. Kikombe kijacho, kabla ya kuuliza kama inapiga, kinuseni. Kisha mwambieni mama mpishi mmekuta nini ndani yake, zuri na baya, kwa adabu na kwa maneno yanayomfaa. Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja tu, merisa ya Munuki itakuwa bora kuliko ilivyo leo, na wala haitahitaji kuwa kali zaidi.